Watoto wetu na Michezo, Sehemu ya 4: "Umeficha mpira!"

Leo tuongelee mpira wa meza. Watoto wakicheza, ugomvi mkubwa huwa kwenye kusevu: "Umeficha!" "Sijaficha!" Ugomvi huo una historia, na hapa kwetu Tabora tunauelewa tangu zamani.

Karne ya 19 misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa. Burton na Speke walifika mwaka 1857, mji wakauita Kazeh. Wapagazi wa Kinyamwezi walipeleka pembe za ndovu pwani, wakarudi na shanga, waya na vitambaa kama merikani. Kitambaa kilitumika kama pesa, na kilipimwa kwa mkono, toka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Sasa jamani, mikono ya watu hailingani! Asiyeangalia kitambaa kikipimwa, kupunjwa ni rahisi.

Kwenye mpira wa meza ilikuwa hivyo hivyo. Miaka ya 1930 wachezaji wa Marekani waliusokota mpira kwa vidole wakati wa kusevu, mpinzani asijue utaruka wapi. Sheria ikabadilishwa: kiganja kiwe wazi, mpira utulie juu yake. Wajanja wakahamia kwingine. Wakawa wanauficha nyuma ya mkono au bega pale raketi inapougusa. Mwaka 2002 hilo nalo likakatazwa.

Kwa hiyo mfundishe mwanao hivi:

1. Mpira ukae kwenye kiganja kilichofunguka.
2. Aurushe wima, bila kuusokota, upande angalau sentimita 16. Neti ina sentimita 15.25, basi upande kuzidi kimo cha neti kidogo.
3. Aupige unaposhuka. Uguse kwanza upande wake, uvuke neti, uguse upande wa mwenzake.
4. Muda wote mpira uwe juu ya usawa wa meza na nyuma ya mstari wake wa mwisho.
5. Akisharusha, mkono ule autoe haraka, usimzibe mwenzake.

Na hapa wengi hawajui: anayesevu ndiye mwenye wajibu wa kuonyesha kwamba amesevu sawa. Mwamuzi akiwa na shaka, mara ya kwanza anaonya na sevu inarudiwa. Shaka ikirudi, pointi inaenda kwa mpinzani. Kosa likiwa wazi kabisa, hakuna onyo, pointi inaondoka hapo hapo.

Sasa nawageukia mama wenye mtoto mwenye mkono mmoja, au ambaye kiganja hakifunguki kwa sababu ya mtindio wa ubongo. Mtoto huyu mara nyingi huambiwa, "Wewe kaa pembeni, huwezi kusevu." Hiyo siyo sheria. Sheria yenyewe inamruhusu mwamuzi kulegeza masharti ya kusevu pale ulemavu wa mwili unapomzuia mchezaji kuyatimiza. Mama, nenda ukaongee na mwalimu wa michezo kabla ya mechi, mkubaliane mtoto atarushaje mpira, na mpinzani aelezwe mapema. Mpira ukionekana, mwenzake hajapunjwa kitu, na mwanao anacheza.

Meza ya kulia chakula inatosha kuanzia, pangeni vitabu katikati viwe neti. Sehemu ya 5 tutaongelea kuruka kamba. Wabusuni watoto.