Samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika: yupi akae na yupi

Mpaka wa Ruhwa, kati ya Rusizi ya Rwanda na eneo la Cibitoke la Burundi, uko kwenye bonde linaloteremka hadi Ziwa Tanganyika. Mpakani ziwa hilo linajulikana kwa ndagala na mukeke. Kwa wafugaji wa samaki wa mapambo duniani linajulikana kwa jambo jingine: samaki wa rangi wa jamii ya perege, zaidi ya spishi 200, ambao karibu wote hawapatikani katika ziwa lingine lolote. Mbelgiji Pierre Brichard alijenga biashara ya kuwasafirisha kutoka Bujumbura katika miaka ya 1970, na hadi leo jina Burundi limebaki kwenye vibandiko vya matangi huko Ulaya na Marekani.

Samaki hawa huuzwa wakiwa hai, mmoja mmoja. Aliyekufa hana bei hata ya kitoweo. Hasara mara nyingi huanza pale muuzaji anapochanganya samaki kwa kuangalia rangi, akampelekea mteja wa hoteli au ofisi tangi linalopendeza siku ya kwanza, na baada ya wiki mbili limebaki na samaki watatu. Mteja huyo harudi tena.

Maji kwanza

Maji ya Tanganyika ni magumu na yana magadi. Kipimo chake cha pH ni kati ya 8.6 na 9.2 hivi, na joto lake juu ni nyuzi 24 hadi 28. Samaki kama neon tetra na diskasi asili yao ni mto Amazon, kwenye maji laini yenye asidi. Hakuna maji ya katikati yatakayowafaa wote wawili. Mmoja ataishi kwa kuteseka. Samaki wa dhahabu naye apewe tangi lake, kwani anapenda maji ya baridi zaidi na huchafua sana. Gapi wanavumilia maji magumu, ila kwa samaki wengi wa Tanganyika hao ni chakula.

Kosa jingine ni kuwachanganya na samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa. Maji yanakaribiana, tabia hazikaribiani. Wale wa Nyasa wana vurugu na wanakula kwa kasi, na wapole wa Tanganyika hubaki pembeni na njaa.

Maji ya bomba yapimwe kabla ya kuagiza samaki. Yakiwa laini, mawe ya chokaa ndani ya tangi husaidia kuyapandisha. Mnunuzi wa Rusizi hana haja ya kuyatafuta mbali, kwa kuwa ni chokaa ya Bugarama inayolisha kiwanda cha saruji cha Cimerwa.

Chakula kinachoua

Tropheus ndiye samaki wa bei nzuri, na ndiye anayetia watu hasara. Ziwani hukwangua mwani kwenye mawe kutwa nzima na ana utumbo mrefu wa mla majani. Akiwekwa na samaki wala nyama, atakula chakula chao, tumbo litavimba, na ugonjwa huo ukishaingia unaweza kulimaliza kundi zima. Apewe chakula cha mwani, na wenzake wawe wa chakula hichohicho.

Pia Tropheus hawafai wakiwa wachache. Wakiwa wanne, mkubwa atawaua wengine kwa zamu. Wakiwa 12 au zaidi, ukali husambaa na hakuna anayeonewa peke yake. Basi anayeuza Tropheus wawili kwa mteja mwenye tangi dogo anajua anachofanya, au hajui kazi.

Wakubwa, wadogo na wenye viota

Frontosa, mwenye milia mipana na kinundu kichwani, ni mtulivu na hutembea polepole. Utulivu huo unadanganya. Hufika sentimita 30, na ziwani huwawinda Cyprichromis wembamba alfajiri wakiwa bado wamelala. Tangini atafanya vilevile: asubuhi mwenye tangi atahesabu na kukuta pungufu, bila mzoga wala damu. Kuhe naye hupendeza akiwa mchanga, lakini ni miongoni mwa wakubwa kabisa wa jamii yake duniani. Huyo ni samaki wa sufuria.

Neolamprologus brichardi, mwenye mapezi marefu kama ushungi, ni mpole hadi atage. Hapo ukoo mzima, wakubwa na watoto, hulinda kiota, na baada ya miezi michache tangi lote ni lao. Auzwe kama ukoo wa peke yake. Synodontis multipunctatus, kambare mwenye madoadoa, hakosani na wakubwa, lakini hutupia mayai yake katikati ya mayai ya samaki wanaolea mdomoni. Mama huyaokota yote, na vifaranga vya kambare huwala wa mwenye nyumba. Anayetaka uzao asimweke.

Kwa mteja wa kawaida mwenye tangi la lita 250 hadi 300, mchanganyiko unaoshika ni ule unaogawana nafasi. Juu waogelee Cyprichromis kumi hivi, tangi likiwa na kifuniko kwa sababu wanaruka. Kwenye mawe wakae Julidochromis dume na jike, jozi moja tu. Chini kwenye mchanga, mbali na mawe, wawekwe Neolamprologus brevis na maganda matupu ya konokono, kwani hulala na kutaga humo. Kila mmoja ana mtaa wake.

Ufuko na ufuko

Samaki wa spishi moja hutofautiana rangi kutoka ufuko hadi ufuko, na bei hufuata jina la ufuko: Rutunga, Bemba, Ikola, Maswa. Frontosa wa Burundi ana milia sita, wa Kigoma ana saba. Wakiwekwa pamoja huzaana, na watoto hawana jina wala soko. Mfuko usio na jina la Kilatini na la ufuko ni mzigo wa bei ya chini hata kama samaki ni wazuri.

Njiani

Kanuni za tangi zinaanzia kwenye mfuko. Samaki wasilishwe siku mbili kabla ya safari. Madume wakubwa wafungwe mmoja mmoja. Kambare afungiwe mifuko miwili au mitatu kwa sababu miiba yake hutoboa nailoni. Theluthi moja iwe maji, zilizobaki oksijeni. Mfuko usijazwe ukakaza: Bugarama ni eneo la chini na la joto, lakini gari la Kigali litapanda msitu wa Nyungwe, zaidi ya mita 2,000, ambako hewa ya mfuko hutanuka na usiku ni baridi. Maboksi ya foamu si anasa.

Wakati wa kupokea, mfuko uelee tangini ukiwa umefungwa hadi joto lilingane. Ukifunguliwa, kaboni iliyotokana na pumzi za samaki hutoka, pH hupanda na amonia hugeuka sumu kali kwa dakika chache. Samaki wahamishwe mara moja kwa wavu, maji ya mfuko yamwagwe.

Karatasi na mpaka

Kwenye tamko la forodha iandikwe samaki hai wa mapambo wa maji baridi, msimbo 0301.11, wala si samaki wabichi. Cheti cha afya cha daktari wa mifugo kitafutwe mapema, pamoja na kibali cha kuingiza wanyama hai cha nchi inayopokea.

Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda tarehe 11 Januari 2024, kama ilivyowahi kutokea miaka ya nyuma. Mfuko uliofungwa vizuri hudumu saa 24 hadi 48, kwa hiyo hali ya mpaka iulizwe kwa wakala siku ileile ya kufunga mzigo. Njia ya Kigoma, Kasulu, Kibondo, Nyakanazi hadi Rusumo inakwepa Burundi kabisa, lakini ni ndefu, na samaki wake ni wa fuko za Tanzania. Mteja aliyeagiza wa Burundi aambiwe hivyo kabla hajalipa.