Mwizi Jukwaani

Filamu za ujambazi hupendwa kwa mbio na risasi zake. Filamu za kisanaa husifiwa kwenye matamasha. Mwaka 2012, David “Tosh” Gitonga alizioanisha mbili hizo katika Nairobi Half Life, iliyozungumzwa kwa Kiswahili, Sheng na Kikikuyu. Ilizaliwa na warsha za One Fine Day Films ya Mjerumani Tom Tykwer, ambaye katika Lola rennt (1998) alikwisha kufungamanisha mbio na tafakuri.

Mwas, kijana wa shamba, huuza filamu za mapigano kwa kuziigiza mbele ya wateja. Aingia Nairobi kutafuta uigizaji, naye aporwa siku hiyo hiyo. Tangu hapo maisha yake yakawa mawili: mazoezi ya tamthilia, na wizi wa vipuri vya magari.

Joseph Wairimu, aliyemwigiza Mwas, alitunukiwa Durban; Kenya nayo ikaipeleka filamu hiyo kwenye tuzo za Oscar, kwa mara yake ya kwanza.

Wala mchanganyiko huo si pambo. Katika tamthilia Mwas amepewa nafasi ya mwizi. Mwizi wa jukwaani hupigiwa makofi. Wa mtaani hupigwa risasi. Mtazamaji aliyefuata mbio huachwa na swali hilo.