Jaribio la Michelson na Morley

Jaribio la Michelson na Morley ni jaribio la fizikia lililofanywa mwaka 1887 mjini Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani, ili kupima mwendo wa dunia ndani ya etha. Lilikosa lilichotafuta, na ndiyo sababu linakumbukwa.

Wanafizikia wa karne ya 19 waliamini kwamba mwanga, kama sauti, hauwezi kusafiri bila kitu cha kupitia. Kitu hicho wakakiita etha. Kwa kuwa dunia hulizunguka jua kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa sekunde, ingepaswa kupigwa na “upepo” wa etha, kama abiria wa bodaboda anavyopigwa na upepo hata siku iliyotulia.

Mwanafizikia Albert Michelson alianza kuutafuta upepo huo Ujerumani mwaka 1881. Mitetemo ya barabara za Berlin ilimshinda, akahamia Potsdam; huko nako, kishindo cha miguu umbali wa mita 100 kilitosha kuvuruga vipimo. Hata hesabu yake ilikuwa na kosa. Kushindwa kwa namna hiyo hakufundishi kitu, maana hujui kama kilichokosekana ni etha au ni umakini.

Cleveland mambo yalikuwa mengine. Akiwa na mkemia Edward Morley, alifunga vioo juu ya bamba la jiwe lenye upana wa mita 1.5 hivi, likielea juu ya zebaki. Mwali mmoja wa mwanga uligawanywa upite njia mbili zinazokatana kwa pembe mraba, kisha ukaunganishwa tena, ukatoa mistari ya mwanga na giza. Jiwe lilizungushwa taratibu, duru moja kwa dakika 6, naye Michelson akilifuata kwa miguu, jicho kwenye darubini. Kama upepo wa etha ungekuwapo, mistari ilitarajiwa kusogea kwa 0.4 ya nafasi iliyo kati yake. Haikufikia hata sehemu moja ya ishirini ya kiasi hicho.

Waliahidi kurudia vipimo kila baada ya miezi 3, hawakurudia. Wanafizikia George FitzGerald, mwaka 1889, na Hendrik Lorentz, mwaka 1892, walijaribu kuinusuru etha kwa kudai kwamba vitu hufupika vikiwa mwendoni. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwamba etha haihitajiki kabisa.

Michelson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1907, kwa ajili ya vyombo vyake vya kupimia mwanga. Etha yenyewe aliendelea kuionea huruma hadi uzeeni.