Mafua ya Kawaida na Mafua ya Mzio

Katika istilahi za utabibu, mafua ya kawaida ni maradhi ya kuambukiza yashikayo pua na koo, yaletwayo na virusi vya namna nyingi, ambavyo mashuhuri miongoni mwavyo ni virusi vya rino, jina litokanalo na neno la Kiyunani lenye maana ya pua, na aina zake zilizokwisha kutambulikana zapita 160. Sifa hiyo ya "kawaida" imeongezwa ili kuyatenga na mafua makali, ambayo virusi vyake ni vingine na hatari yake ni kubwa zaidi, na kadhalika na mafua ya mzio, ambayo hayana virusi kabisa.

Tofauti hii ya mwisho yamfaa sana mkazi wa Dodoma, mji ulio katika uwanda wa kati, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako tangu Juni hata Agosti pepo za kipupwe huinua vumbi katika nchi iliyokwisha kukauka, na kila apigaye chafya hulilaumu vumbi. Waama, vumbi laweza kumchochea mwenye mzio, akawashwa pua na macho na kutokwa na kamasi jepesi maadamu vumbi lipo. Lakini kuzaa virusi haliwezi.

Virusi hutoka kwa mtu. Tazama daladala itokayo Nzuguni asubuhi ya Julai: madirisha yamefungwa, na abiria mmoja, akiisha kupangusa pua kwa kiganja, ampa konda sarafu, naye konda amrudishia chenji abiria wa pili, ambaye punde ajifikicha jicho. Baada ya siku 1 hadi 3 koo lamwasha, kwa kuwa virusi vya rino husitawi katika ubaridi wa pua, nyuzi 33 hivi, kuliko katika joto la ndani ya mwili, nyuzi 37. Kisha mwili wenyewe, katika kupigana navyo, hutanua mishipa ya damu, utando wa pua ukavimba na kamasi kuzidi. Aghalabu taabu hiyo huisha kwa siku 7 hadi 10, pasipo antibiotiki, ambazo kazi yake ni kuua bakteria.

Basi ajifungaye kitambaa usoni kwa ajili ya vumbi, asinawe mikono, amejikinga na mafua ya mzio tu. Na dirisha alifungalo kwa kuyahofia hayo, ndilo lingempunguzia mafua ya kawaida lau angeliacha wazi.