Nyumba ya magurudumu: Mama kauliza, nami nikaenda kusoma

Mimi mzima hapa Sparkbrook, ni baridi tu. Nimetoka zamu ya usiku na usingizi umegoma, basi acha niandike kile kisa nilichomgusia Mama kwenye simu Jumapili. Maana najua sasa hivi ukoo mzima una habari kwamba mtoto wenu anataka kulala kwenye gari kama utingo!

Kisa chenyewe ni hiki. Mwenzangu wa wodini, Mzimbabwe, anauza gari lake aina ya LDV Convoy. Ni kubwa kuliko kipanya, na ndani amelifanya nyumba: kitanda, jiko la gesi, tangi la maji, paneli ya sola juu ya paa. Ameishi humo miaka 2, leo Wales, kesho Devon, akichukua zamu za muda hospitali mbalimbali. Kodi ya nyumba hajalipa hata senti. Nikapiga hesabu zangu: chumba, umeme, gesi, kodi ya halmashauri. Karibu nusu ya mshahara inaishia hapo! Nikihamia garini mwaka mmoja tu, ile nyumba ya Kihonda inaezekwa na Mama anaacha kupanga.

Mama akaniuliza swali moja tu: "Mtu na digrii yake alale garini, kwani amefukuzwa?" Nikakosa jibu. Siku ya mapumziko nikaenda maktaba, na kumbe swali la Mama ndilo hasa historia ya jambo hili.

Kuna waliolala garini kwa kupenda. Wa mwanzo wao ni Dk. William Gordon Stables, Mskoti. Ujanani alikuwa daktari wa jeshi la majini, na aliwahi kufanya kazi mwambao wetu, upande wa Msumbiji, kwenye meli iliyokuwa ikiwinda majahazi ya watumwa. Mwaka 1885 aliagiza kiwanda cha Bristol kimtengenezee nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na farasi 2. Akaiita Wanderer, yaani Mzururaji, akasafiri nayo hadi Inverness, kaskazini mwa Uskoti. Alikuwa na mwendesha farasi, na mtumishi aliyetangulia kwa baiskeli ya magurudumu 3 kuwaonya watu barabarani! Akaandika kitabu, akasifiwa, na wenye uwezo wakaanza kumwiga. Nyumba yake halisi ilikuwa ikimngoja Twyford muda wote huo.

Birmingham nayo ina mkono wake. Mwaka 1919 bwana Riley na mwanawe walinunua kampuni ya Eccles hapa mjini, wakawa miongoni mwa watu wa kwanza kuunda karavani za kuvutwa na gari na kuziuza. Baadaye wakajenga kiwanda Stirchley, si mbali na kwangu. Hata hilo LDV la mwenzangu ni mzaliwa wa hapa, kiwanda cha Washwood Heath kilichofungwa 2009.

Sasa sikieni upande wa pili. Mpakani mwa Handsworth na Smethwick kulikuwa na kiwanja kilichojaa majivu na mabaki ya matanuri ya viwanda, kinaitwa Black Patch. Wajipsi, ambao wengi wao hujiita Waromani, walipiga kambi hapo miaka mingi na magari yao ya farasi, kwa sababu hakuna mwingine aliyepataka. Mwaka 1905 wakafukuzwa, na 1911 ikafunguliwa bustani ya umma. Wapo wanaoamini kwamba Charlie Chaplin alizaliwa ndani ya gari hapo hapo, ingawa mwenyewe aliandika kwamba alizaliwa London. Hebu tazameni tarehe jamani: kati ya safari ya daktari na Black Patch ni miaka 20 tu. Magari ni yale yale ya farasi. Mmoja kapata sifa, wengine wamepata amri ya kuondoka.

Baada ya hapo zikaja sheria. Ya 1960 ilidai leseni kwa viwanja vya karavani, na wakulima wengi waliokuwa wakiwapa Wajipsi pa kukaa wakaacha. Ya 1968 ikazilazimisha halmashauri kuwatengea viwanja, walau ahueni. Lakini miaka ya 1970 na 1980, kazi zilipoadimika, vijana wengi nao walinunua mabasi makuukuu wakaishi humo. Tarehe 1 Juni 1985 msafara wao ulikuwa ukielekea Stonehenge. Polisi wakauzuia huko Wiltshire, wakavunja vioo vya magari yenye watoto ndani, wakakamata watu zaidi ya 500. Mei 1992 maelfu wakakusanyika Castlemorton, kusini magharibi mwa hapa, muziki karibu wiki nzima. Serikali ikakasirika, na sheria ya 1994 ikafuta ule wajibu wa halmashauri.

Ya 2022 ndiyo kali zaidi. Ukikaa na gari kwenye ardhi isiyo yako bila ruhusa, ikaonekana unaleta uharibifu au kero kubwa, nawe ukagoma kuondoka, ni jela hadi miezi 3 au faini hadi pauni 2,500, na gari linaweza kuchukuliwa. Yaani nyumba yako ndiyo inayokamatwa! Mei 2024 Mahakama Kuu ilisema baadhi ya vifungu vyake vinakiuka haki za Wajipsi.

Kama nesi, kilichoniuma zaidi ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield wa 2004. Ulikuta afya ya Wajipsi na wasafiri wenzao ni mbaya hata kuliko ya maskini wengine wa nchi hii: kifua, baridi yabisi, wasiwasi, na akina mama waliofiwa na watoto wachanga. Naelewa. Kidonda kinataka nesi yule yule wiki hadi wiki, na mtu anayeondolewa kila mara huanza upya kila mara.

Mwenzangu hakunificha kitu. Anasema miaka ile ilikuwa raha, ameamka akiitazama bahari. Ila ameamshwa usiku mara nyingi pia kwa kugongewa kioo. Kwetu anayegonga husema hodi, na mwenye nyumba ndiye anayesema karibu. Garini anayegonga ndiye anayesema ondoka. Na mimi wa zamu za usiku nalala mchana, watu wakiwa macho! Tena gari lile la dizeli ukiliingiza katikati ya jiji unatozwa pauni 8 kwa siku, tangu 2021.

Basi Mama, jibu lako ni hili: hakufukuzwa mtu. Lakini nilichosoma kimenionyesha kwamba gari ni raha kwa aliyeacha mlango wake mahali. Mlango wangu ni wa Kihonda, na bado hauna paa. Sinunui. Nimehamia chumba kidogo zaidi mtaa wa nyuma, kwa hiyo mabati yatakuja, ila mwakani, si mwaka huu. Mwambieni fundi asikate tamaa.

Msalimieni Babu na watoto wote. Ngoja nikalale sasa.