Njia za Miguu za Ufipa: Kutoka Milepa hadi Milansi

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera mpya na Mwenge wa Uhuru juu ya kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Tangu siku hiyo safari ya kuupanda mlima ule imekuwa mali ya taifa zima. Watoto huisoma shuleni, na wageni kutoka pande zote za dunia huja kuupanda mlima huo kwa miguu yao. Jambo hilo ni la haki. Lakini nchi yetu haina njia moja tu yenye kustahili kukumbukwa. Zipo njia nyingine nyingi ambazo hazikupandwa na mwanajeshi mwenye bendera, bali na mama mwenye kapu la samaki, na mfua chuma mwenye mzigo wa majembe, na mateka aliyefungwa kamba. Njia hizo hazikuandikwa vitabuni. Zimeandikwa ardhini.

Makusudio ya insha hii ni kuonyesha kwamba njia ya miguu ni hati ya historia kama zilivyo hati za karatasi, na kwamba hati hiyo huanza kufutika mara watu wanapoacha kuipita. Ili kulithibitisha jambo hili tutachukua mfano wa Ufipa, katika Mkoa wa Rukwa, na safari yetu tutaianzia Milepa.

Milepa iko katika Bonde la Rukwa, Wilaya ya Sumbawanga, chini ya ukuta mrefu wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa. Mtu anayesimama hapo akautazama upande wa magharibi huuona ukuta huo umeziba upeo wa macho. Juu yake ndiko liliko tambarare la Ufipa, lenye kimo cha mita 1,800 hivi, ambako upepo wa mwezi Juni na Julai humfanya mgeni atafute blanketi. Bondeni, mita elfu moja chini, joto ni kali, na udongo hupokea mpunga na pamba. Mashariki zaidi liko Ziwa Rukwa, lenye maji ya magadi yasiyo na mahali pa kutokea. Ziwa hilo halitulii. Mwaka 1929 urefu wake ulikadiriwa kuwa kilomita 50 tu, na ilipofika mwaka 1939 lilikuwa limekua na kufikia kiasi cha kilomita 130. Basi hata njia ya kwenda ziwani haiwezi kuwa moja milele, maana kizazi kimoja huenda kikatembea mahali ambapo kizazi kingine kilivua samaki.

Tofauti hiyo ya juu na chini ndiyo iliyozizaa njia za Lyamba. Watu wa tambarare walikuwa na ulezi na maharage. Watu wa bondeni walikuwa na samaki na pamba. Hakuna upande uliojitosheleza. Kwa hiyo hapana budi watu wapande na kushuka, na miguu yao ikachagua mabonde yenye maji ya kunywa na miteremko ambayo mtu mwenye mzigo kichwani angeweza kuivumilia. Anayeipanda njia ya namna hiyo leo hana budi kuistahi akili ya waliomtangulia, kwani mahali pa kupumzikia pamewekwa pale hasa ambapo pumzi inakwisha.

Afikapo juu, msafiri huyaona mashamba ya Wafipa yenye vilima vya udongo vya mviringo, ambavyo ndani yake majani hufukiwa ili yaoze yawe mbolea. Akitembea kwa makini ataona pia masalio ya kazi nyingine iliyoipatia Ufipa sifa kubwa, nayo ni uyeyushaji wa chuma. Tanuri la Kifipa, liitwalo ilungu, lilijengwa kwa udongo, na kimo chake kilifika mita tatu. Halikuhitaji mivukuto. Upepo uliingia wenyewe kwa mirija ya udongo iliyopangwa chini yake, na moto ukapanda kwa nguvu zake. Chuma kilichotoka humo kilitiwa katika tanuri la pili, dogo, ambalo lilipulizwa kwa mivukuto, ndipo kikawa tayari kwa mhunzi. Profesa Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeyachunguza mabaki ya kazi hiyo katika nchi ya Nkansi mnamo miaka ya 1990, ameonyesha kwamba kusini-magharibi mwa Tanzania kulikuwa na mitindo zaidi ya mmoja ya kuyeyusha chuma. Jembe la Kifipa lililima shamba, likalipa mahari, na likabadilishwa kwa bidhaa za mbali. Mahali palipo na chungu ya mavi ya chuma kando ya njia, hapo palikuwa na kiwanda.

Mwenzake jembe katika biashara hiyo alikuwa chumvi. Huko Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, wachimbaji wa mambo ya kale waligundua katika miaka ya 1960 kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi pale tangu karne ya 13. Nayo pamba ya bondeni ilisokotwa na kufumwa kuwa nguo nzito, na wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwa mshangao juu ya wafumaji wa Ufipa. Chuma, chumvi na nguo havina miguu. Vilipelekwa na watu, kwa njia hizi hizi.

Tukiendelea juu ya tambarare tunafika Milansi, chini ya mlima Itwelele. Hapa ndipo Wafipa husema ufalme wao ulipoanzia, na simulizi yao kubwa ni simulizi ya wageni waliofika kwa njia. Husimuliwa kwamba siku moja mtemi wa Milansi alikuwa hayupo nyumbani, na wanawake watatu, watu wasiojulikana, wakatokea wakitoka mbali. Walipokelewa, na wakakikalia kiti cha utawala. Aliporudi, mtemi alikuta mambo yamekwisha. Hata hivyo damu haikumwagika. Wageni hao, ukoo wa Watwa, wakashika utawala wa nchi, na Milansi ikabaki na heshima ya mambo ya mila pamoja na mlima wake mtakatifu. Baadaye ufalme wa Watwa uligawanyika kuwa Nkansi upande wa kaskazini na Lyangalile upande wa kusini. Mtaalamu Roy Willis, aliyekaa Ufipa katika miaka ya 1960, aliifanya simulizi hii kuwa msingi wa maandishi yake. Sisi tunaweza kuisoma kwa urahisi zaidi, kwamba nchi yenye njia haiwezi kukwepa wageni, na busara ni kujua namna ya kukaa nao.

Lakini si kila mgeni aliyekuja kwa amani. Njia haimchagui anayeipita. Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba waliingia Ufipa, na mfalme wao akafia huko. Baada ya hapo misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilipita kati ya Ziwa Tanganyika na Tabora, na watu walitembezwa katika njia walizozijua tangu utoto bila matumaini ya kurudi. Lyangalile ilisumbuliwa pia na mporaji Kimalaunga, hadi Wajerumani walipomwondoa katika miaka ya 1890, nao wakabaki kutawala. Mwalimu anayewaongoza wanafunzi katika njia hizi asiwafiche habari hizo. Kuzisifu njia kwa biashara yake na kuyanyamazia machozi yake ni kusoma nusu ya ukurasa.

Mwaka 1873 njia za Ufipa zilibeba mzigo uliosikiwa dunia nzima. Chuma, Susi na wenzao, baada ya David Livingstone kufariki katika nchi ambayo leo ni Zambia, waliubeba mwili wake wakapita Ufipa kuelekea Tabora, na mwezi Februari 1874 wakafika Bagamoyo, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Miaka saba baada ya kifo hicho, yaani mwaka 1880, Mskochi Joseph Thomson alipita Ufipa, akaliona Ziwa Rukwa na kulipa jina la Leopold, kwa heshima ya mwana wa malkia wa Uingereza. Jina hilo liliandikwa katika ramani za Ulaya kwa miaka kadhaa, kisha likatoweka. Rukwa imebaki Rukwa. Jina la mahali hulindwa na wale wanaopatembelea kila siku na kupataja.

Wakati wa ukoloni njia zilipata wapitaji wa namna nyingine. Dhahabu ilipogunduliwa Lupa, karibu na Chunya, katika miaka ya 1920, vijana wa Ufipa waliondoka kwa miguu kwenda kuitafuta kodi, na wengine wakaendelea hadi mashamba ya mkonge. Nyika za Rukwa nazo zilijulikana kuwa chimbuko la nzige wekundu, ambao tangu mwaka 1930 hadi 1944 walikula mazao ya nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1949 likaundwa shirika la kimataifa la kuwadhibiti, na Bonde la Rukwa likawa moja ya mahali pake pa kazi.

Tumekwisha kupata uhuru, na mambo mengi yamebadilika kwa heri. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974. Katika miaka hiyo hiyo wananchi walihamia katika vijiji vilivyojengwa kando ya barabara, ili wapate shule, zahanati na maji. Leo barabara inapita bondeni, pikipiki inafika mahali ambapo zamani palifikiwa kwa miguu tu, na mgonjwa hachukuliwi tena kwa machela hadi juu ya Lyamba kila mara. Hakuna mwenye akili atakayeomba siku za machela zirudi. Lakini kila maendeleo yana gharama, na gharama hii haijahesabiwa. Vijito, miamba na mapito ya Lyamba yana majina, na kila jina lina sababu yake. Wanaoyajua ni wazee. Mzee mmoja akifa, sehemu ya njia huwa kichaka kisicho na jina, hata kama nyayo bado zinaonekana. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Basi kazi iliyo mbele ya walimu na wanafunzi ni nyepesi kwa fedha, ingawa ni nzito kwa miguu. Shule ya bondeni ichague njia moja ya kupanda Lyamba. Shule ya tambarare ichague moja ya kushuka. Watembee wakati wa kiangazi, pamoja na mwenyeji anayeijua njia. Wachore ramani yake. Kila kijito na kila pumziko liandikwe kwa jina lake la Kifipa, maana yake, na jina la mzee aliyelieleza, ikiwa amekubali. Waulize mzigo gani ulipita hapo, nani aliubeba, na kwa malipo gani. Wakikuta tanuri au chungu ya mavi ya chuma wapime na kuchora, lakini wasibomoe wala kuchukua kitu, kwani mabaki hayo yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Penye mahali pa mila, kama Itwelele, waombe ruhusa kwa wenyewe kabla ya kuweka mguu.

Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alikusudia vijana waijue thamani ya mambo yao wenyewe. Kwa kijana wa Milepa, sehemu ya thamani hiyo inaanzia nyuma ya nyumba yao, pale njia inapoanza kupanda. Ailizie jina lake leo, wakati mwenye kulijua bado yupo.