Ritifaa Katika Hifadhidata: Historia Fupi ya Matini na Baiti

Katika hati ya Kilatini, Kiswahili hutegemea ritifaa kutenganisha ng'oa na ngoa. Makala hii inafuatilia alama hiyo katika hifadhidata ili kuonyesha kwamba uteuzi wa aina ya safuwima ni uamuzi wa kihifadhi, wala si wa kiufundi pekee.

Mwaka 1963 mfumo wa ASCII wa Marekani ulitoa nafasi 128, na ritifaa iliyonyooka ikapewa namba 39. Mwaka 1970 E. F. Codd wa IBM alichapisha modeli ya uhusiano, ambamo kila safuwima huchota thamani zake katika uwanja uliobainishwa. Kiwango cha SQL cha mwaka 1986 kilitambua safuwima za herufi. Kile cha mwaka 1999 kiliongeza aina rasmi ya kuhifadhi mafungu makubwa ya baiti. Tofauti yake ni hii: safuwima ya matini hufungamana na usimbaji na kanuni za kupanga maneno, ilhali safuwima ya baiti hutunza kilichopokewa bila kukifasiri.

Tatizo lilikuzwa na programu za uchapaji zilizogeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Katika usimbaji wa Windows-1252, ritifaa hiyo ni baiti moja, 146. Katika UTF-8, iliyobuniwa mwaka 1992, ni baiti tatu: 226, 128 na 153. Baiti hizo tatu zikisomwa kwa Windows-1252, ng’ombe huwa ngâ€™ombe. Kosa hilo hurekebishika. Lakini mfumo ukibadili alama usiyoitambua kuwa ya kuuliza, kilichokuwapo awali hakirejeshwi tena.

Je, tuhifadhi kila kitu kama baiti? La hasha. Bila kujua usimbaji, hifadhidata haiwezi kutafuta neno wala kulipanga kialfabeti. Hata matini safi yenye ritifaa za aina mbili humfanya mtafiti apate nusu ya mifano yake, naye akadhani ameipata yote.

Kwa hiyo, miradi ya kongoo na nyaraka za umma ihifadhi faili asilia katika safuwima ya baiti, nakala ya kutafutia katika safuwima ya matini ya UTF-8 yenye ritifaa ya aina moja, na jina la usimbaji wa awali kando yake. Sharti hili liandikwe katika mikataba ya udijitishaji kabla ya kazi kuanza, kwani baada ya hapo huenda hakuna cha kurekebisha.